Kitambaa Kilichotangulia Maji

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo wote, nikitumaini kwamba barua hii imekukuta na afya njema, na kwamba goti lililokuwa likikusumbua wakati wa baridi sasa limetulia. Wifi yangu hajambo? Watoto hawajambo? Mimi, ukiniuliza mara ya kwanza, nitakujibu kama tulivyofundishwa kujibu, kwamba sijambo. Ukiniuliza mara ya pili nitakwambia kweli: ninaogopa. Ninaandika mchana kweupe, mlango umefungwa kwa komeo, na kiti nimekiegemeza juu ya komeo, kana kwamba kiti kitamzuia mtu.

Usishangae kwamba barua imekufikia ikiwa imeshonwa ndani ya bitana ya koti. Aliyekuletea koti hilo ni fundi cherehani wa mtaa wetu, mtu mwaminifu ambaye huja huko kwenu kununua vitambaa, na nilimwagiza akunong'oneze ufumue mshono wa kushoto ukiwa peke yako. Kuhusu koti lenyewe, nitakueleza mbele kwa nini umeletewa koti jeusi ilhali hujafiwa.

Kabla hujasoma zaidi, nakuomba jambo moja, nami ni dada yako niliyekubeba mgongoni. Usimpigie simu rafiki yako Asali. Usimwandikie, usimjibu, usimtumie salamu hata kwa mtu. Mwanao ametoka nyumbani kwangu akiwa mzima. Kama atafika kwako akiwa mzima, hilo sasa liko katika ulimi wako. Ukilielewa hilo, keti, nikusimulie tangu mwanzo.

Unalijua bonde lililo nyuma ya nyumba yangu, na kijito kinachopita chini ya daraja la miguu. Ulipokuja kunitembelea mara ya mwisho ulinawa miguu mle. Leo nisingekuruhusu. Mama Mkunga, jirani yangu aliyewazalisha nusu ya wanawake wa mtaa huu, ndiye aliyeanza kulalamika. Alisema kwamba watoto aliowapokea wakiwa na ngozi laini kama utando wa kitunguu walirudishwa kwake baada ya muda mfupi wakiwa na vidonda kwenye mikunjo ya mapaja, na kwamba wote walikuwa wakiogeshwa kwa maji ya kijito. Alikwenda ofisi ya maji kueleza, wakamcheka. Waliomcheka kwa adabu walimwambia alete ushahidi. Waliomcheka bila adabu walimwambia aendelee na kazi yake ya kuita watu duniani, mambo ya maji awaachie wenye vyeti. Alirudi akiwa amefura, akaniambia kwamba yeye hana cheti lakini hajawahi kumkosea mtoto njia ya kutokea.

Ndipo tukaunda kikundi. Mama Mkunga akawa mwenyekiti, Fundi akatunza vifaa, nami nikawa katibu, kwa kuwa mtu aliyefundisha shule miaka yote hiyo hawezi kuachwa apumzike hata akistaafu. Wengine ni akina mama na akina baba wa mtaa, wafua nguo, wapanda mboga, na mzee mmoja muuza mkaa ambaye kazi yake mikutanoni ni kupinga.

Uwezo hatukuwa nao. Lakini tulisikia kwamba kuna Mfuko unaotoa ruzuku ndogo kwa vikundi vidogo vinavyolinda misitu yao, maji yao na haki zao, vile ambavyo wafadhili wakubwa hawavioni kwa udogo wake. Kilichonipendeza kwao ni utaratibu. Wanaoamua nani apewe si mabwana wa ofisini. Ni vikundi vingine vilivyokwisha kupewa, ambavyo husoma ombi la mwenzao wasiyemjua na kusema ndiyo au hapana. Tuliandika ombi letu, wakatuma mama mmoja aje kutuona. Mama huyo tulimpa jina la Bibi Maswali siku hiyo hiyo, kwa sababu alikataa kiti, akaketi mkekani pamoja nasi, na tangu alipoketi hakutamka sentensi isiyoishia kwa swali. Mimi sikuzoea hali hiyo. Maisha yangu yote nimeuliza mimi.

Swali lake la mwisho lilikuwa hili: kama tukifaulu, nani atakasirika, na nani ataumia? Tulicheka. Mama Mkunga alisema kwamba atakayeumia ni Fundi, wakwe zake watakapomwona amevaa buti za mpira. Muuza mkaa alisema kwamba watakaokasirika ni mbu. Mimi nilisimama, nikasema kwa sauti ile unayoijua kwamba msema kweli hana la kuogopa. Bibi Maswali hakucheka wala hakupiga makofi. Alisema kwamba swali hilo tuliache wazi, na siku tutakapolijua jibu tumwambie upesi, kwa kuwa Mfuko una fungu dogo lililowekwa kando kwa ajili ya siku hiyo. Nilimwona kuwa mwanamke mwoga.

Ruzuku ilikuja. Tulinunua buti, chupa za kuchotea maji, tukalipia maabara ipime maji hayo, na Fundi akanunua jora la kitambaa chekundu. Hapo sasa usikilize vizuri, maana habari yote imefungwa kwenye kitambaa hicho. Tuliweka desturi kwamba mtu yeyote atakayeona maji yamebadilika rangi au harufu, akate shauri mara moja, afunge kitambaa chekundu kwenye ukingo wa daraja. Kikiwapo, hakuna mtu anayechota, anayefua wala anayemwogesha mtoto. Hakiondolewi mpaka maji yatakate. Fundi alivikata vitambaa kwa mkasi wake, na vya akiba nikaviweka kikapuni nyumbani kwangu, karibu na mlango. Mtaa mzima uliishika desturi hiyo kuliko sheria yoyote niliyowahi kuisoma. Hata watoto walipocheza walifunga majani mekundu kwenye vijiti vyao.

Tuligundua kwamba maji huharibika mvua inaponyesha. Mvua ikianza kupiga mabati, watu hukimbilia ndani, na wakati huo ndipo kijito hugeuka rangi ya kutu na kunuka kama betri iliyopasuka. Tukaweka zamu za mvua. Wawili wawili, wakiwa na buti na miavuli, walikwenda kukaa upande wa juu wa daraja. Nami nilikwenda zamu yangu, goti langu likiniuma kama lako, mpaka Mama Mkunga akanikataza, akisema kwamba hana muda wa kuwazalisha wenye umri wangu. Tangu hapo sikuteremka tena darajani. Nililetewa habari nyumbani nikaziandika. Kumbuka hilo.

Kisha jambo la ajabu likatokea. Watu wa zamu walifika darajani mvua ikiwa ndiyo kwanza inaanza, wakakuta kitambaa kimekwisha kufungwa. Maji yalikuwa safi. Walidhani ni mzaha wa mtu. Lakini hawajamaliza kubishana, maji yakabadilika mbele ya macho yao. Mvua nyingine, hivyo hivyo. Na nyingine. Kitambaa kiliyatangulia maji. Mama Mkunga alisema kwamba tumepata malaika, ila malaika huyu ana matope kwenye vidole, kwa sababu kila kitambaa kilikuwa na alama za vidole vyeusi vya grisi. Muuza mkaa alipinga kwamba huyo si malaika. Alisema ni mtu, na mtu anayejua kabla ya wengine ama ni mwizi ama ni jirani wa mwizi. Tulimnyamazisha. Laiti tungemsikiliza.

Katika siku hizo nilimgombeza Fundi mara kadhaa kwamba anakata vitambaa vichache, kwani kikapu changu kilipungua bila sababu. Aliapa kwamba amekata vya kutosha. Nilimwambia kwamba mkasi hausemi uongo, wenye mkasi ndio husema. Nimemwomba radhi tangu hapo, naye amesamehe, na koti ulilolishika ni kazi ya mikono yake.

Ikafika siku ambayo Bibi Maswali alirudi kuona kazi. Tuliita mtaa mzima uwanjani. Wakaja watu wa ofisi, wale wale waliocheka, sasa wakiwa na majibu ya maabara mikononi na nyuso za msiba. Na akaja rafiki yako Asali. Najua unavyompenda. Mlikua pamoja, mkala sahani moja, nawe ndiye uliyemwomba ampe mwanao kazi ya udereva katika kampuni ile ambayo yeye ni msimamizi wa magari, kampuni ya kubeba maji machafu ya viwanda na kuyapeleka kwenye mabwawa ya mbali ya kusafishia. Alikuja kama jirani mwema. Kampuni yake ilituazima turubai na viti. Aliniita Dada Mwalimu, akanisaidia kupanda jukwaani, akaniuliza habari zako.

Nilisoma taarifa ya katibu. Unajua jinsi Baba alivyotulea, kwamba mtu asiyeshukuru hana tofauti na mnyama aliyelishwa. Basi nikashukuru. Niliushukuru Mfuko, nikavishukuru vikundi vya mbali vilivyosema ndiyo, nikamshukuru mwenye turubai. Halafu, kwa kuwa sikutaka mtu yeyote aliyetenda wema atoke pale bila shukrani, nikamshukuru hadharani, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, ndugu yetu asiyejulikana ambaye hufunga kitambaa darajani kabla maji hayajaharibika, anayejua siku na saa, na ambaye ametuokolea watoto wengi. Nilisema kwamba popote alipo, ajue kuwa tunamwona.

Watu walipiga makofi. Asali alipiga makofi pia, na wote walipoacha, yeye aliendelea kidogo. Kisha, kwa ile sauti yake iliyompa jina, aliomba aonyeshwe kitambaa kimoja ambacho kilikuwa bado kiko darajani. Watu walimpeleka kwa furaha. Niliambiwa kwamba aliinama, akalitazama fundo kwa muda, akalishika kwa vidole viwili bila kulifungua, akasema kwamba ni fundo zuri. Bibi Maswali alikuwa amesimama nyuma yake, na aliporudi uwanjani akapita karibu nami, aliniuliza kwa sauti ndogo kama nimelijua jibu la lile swali. Sikuelewa anasema nini.

Hofu haikuja mara moja. Iliingia kama maji yanavyopenya chini ya mlango. Kwanza duka la Fundi lilifunguliwa naye hayupo. Hakikuibwa kitu, ila jora lote jekundu lilichanwachanwa nyuzi nyuzi na kurundikwa juu ya cherehani. Kisha mtu mmoja akaanza kusimama mbele ya lango la Mama Mkunga, amekunja mwavuli, jua linawaka, hasemi na mtu. Mama Mkunga alimwendea akamwuliza kama ana mjamzito. Mtu yule aliufungua mwavuli, akaukunja tena, na Mama Mkunga, ambaye lango lake halijawahi kufungwa mchana, alirudi ndani akalifunga. Wafua nguo waliacha kuja mikutanoni. Mmoja alimtuma mtoto aturudishie buti.

Na mwanao akaacha kula. Alikuwa akirudi kazini, ananiamkia kama kawaida, shikamoo Shangazi, kisha anakwenda uani kunawa mikono. Alinawa, akanawa tena, mpaka nikamwambia kwamba sabuni hainunuliwi na serikali. Zamani angenitania, angeniambia kwamba chaki yangu ya shule ilinunuliwa na serikali, nami niliileta nyumbani mfukoni. Sasa alisema tu, samahani Shangazi.

Siku moja mawingu yalikusanyika na hakuna mtu wa zamu aliyetokea. Wote walikuwa wameogopa. Nikasema kwamba mimi ndiye niliyesema msema kweli hana la kuogopa, basi niende. Niliteremka polepole, nikiwa nimeshika mkongojo. Mvua ilianza kudondoka nilipofika. Kitambaa kilikuwa tayari kimefungwa, na kwa mara ya kwanza nililiona fundo lenyewe kwa macho yangu.

Mdogo wangu, lilikuwa fundo la Baba.

Unalijua. Ndilo alilolitumia kufunga mizigo ya watu alipokuwa mpakizi: mizunguko miwili, ncha inarudishwa chini ya mgongo wake yenyewe, upepo haulifungui lakini mtoto akivuta ncha linaachia. Alikufundisha wewe, mimi hakunifundisha, kwa kuwa alisema kwamba msichana hatapakia malori. Nawe ulimfundisha mwanao. Duniani sijui mtu mwingine anayelifunga. Na kama mlikua pamoja na Asali, mkifunga mipira yenu ya matambara kwa fundo hilo uani kwetu, basi na yeye analijua.

Nilisimama pale nikilowa. Maji yalibadilika chini ya miguu yangu. Nikakumbuka jinsi nilivyosimama jukwaani nikisema kwamba tunamwona.

Jioni nilimwita mwanao jikoni, nikafunga mlango, nikaweka kitambaa mezani. Hakukana. Alisema kwamba lori la tangi analoliendesha yeye ndilo linalomwaga maji machafu bondeni kwetu, kwamba mabwawa ya kusafishia yako mbali na kampuni inaokoa mafuta, na kwamba kila mawingu yanapokusanyika Asali huwapigia simu madereva na kuwaambia kuwa kuna mvua ya baraka. Alikataa mara ya kwanza. Asali alimwambia kwamba baba yake aliomba kazi ile karibu kwa kupiga magoti, na kama anataka kumwaibisha mzee mwenye goti bovu, milango iko wazi. Basi akaendesha. Lakini alikuwa amewaona watoto wanaoletwa kwa Mama Mkunga, kwa kuwa hupita mbele ya dirisha letu. Ndipo akawa anachukua kitambaa kikapuni mwangu asubuhi, na kabla ya kufungua bomba la tangi anasimama karibu na daraja kama mtu anayekagua magurudumu, anafunga, anarudi, anaendesha mpaka juu ya bonde, anamwaga. Aliniambia kwamba hakuweza kuyazuia maji, kwa hiyo aliyapa mbiu. Kisha akanyanyua mikono yake akanionyesha. Ngozi ya viganja imechubuka, mdogo wangu, kama ile ya watoto wachanga.

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Alisema kwamba aliogopa nitamshukuru.

Sina haja ya kukueleza jinsi neno hilo lilivyoingia. Aliniambia pia kwamba tangu siku ya mkutano Asali amekuwa mpole kwake kupita kiasi, na kwamba amepangiwa safari ndefu, yeye na mautingo wawili ambao hajawahi kuwaona, kupitia barabara isiyo na watu. Madereva wenzake walikuwa wameacha kumtania. Mmoja alimpa mkono wa kwaheri bila kusema nani anakwenda wapi.

Nilimpigia simu Bibi Maswali kwa simu ya Mama Mkunga. Nilimwambia kwamba sasa nalijua jibu. Hakunilaumu, wala hakuuliza swali hata moja, na hilo lilinitisha kuliko yote. Vile vikundi vya mbali viliitwa kuamua juu ya lile fungu la kando: walinda msitu fulani, wanawake waliogombea ardhi yao, wavuvi wa ziwa ambalo sitaliona kamwe. Watu wasiomjua mwanao hata kwa sura walisema ndiyo kabla jua halijageuka. Kwa ruzuku hiyo ndogo alipatiwa usafiri, mahali pa kujificha, na wakili wa kumsikiliza. Maneno yake yote yamekwisha kurekodiwa na yako mikononi mwa Bibi Maswali. Mwanao aliondoka akiwa amevaa gauni na mtandio wa Mama Mkunga, na ninakwambia kwamba hata katika hofu ile Mama Mkunga alimwambia kuwa amewahi kuona mabibi harusi wabaya zaidi.

Kesho yake Asali akaja. Alibisha hodi kwa adabu, akavua viatu, akaketi kwenye kiti chako. Alisema kwamba ana wasiwasi juu ya kijana wetu, hakufika kazini, na kwamba yeye humchukulia kama mwanawe. Nilimletea maji ya kunywa kwenye gilasi. Alishukuru, akaishika gilasi muda wote wa mazungumzo, akaizungusha, akaniuliza kwa upole kama maji haya ni ya bomba au ya bondeni. Nilimwambia kwamba ni ya bomba. Alitabasamu, akairudisha mezani ikiwa imejaa vile vile. Mtu mwenye kiu, aliyetembea juani, hakuthubutu kulowesha mdomo nyumbani kwangu. Hapo nilijua kwamba anajua kilichomo kijitoni kuliko maabara yetu.

Kisha alinionyesha simu yake. Ulikuwa ujumbe wako. Nilivaa miwani nikausoma mwenyewe: akifika huku nitakujulisha mara moja, ndugu yangu, asante kwa kumjali. Sikulaumu. Umemwamini mtu uliyekula naye. Lakini uelewe kwamba kwa maneno hayo umemwahidi mwindaji kwamba utapiga filimbi.

Sasa nikiri nami. Mimi dada yako, niliyewachapa watoto wa watu kwa uongo mdogo, nilimtazama Asali machoni nikadanganya. Nilisema kwamba kijana amekwenda msibani, kwamba mjomba wa mkeo amefariki ghafla. Nimemzulia wifi yangu mjomba na kumwua siku hiyo hiyo, Mungu anisamehe. Ndiyo sababu ya koti jeusi. Livae, uonekane nalo, wifi avae ipasavyo, na mtu akikuuliza, huzunika. Marehemu alibanwa na kifua. Hakuwa na watoto.

Uongo huo haunisumbui. Kinachonisumbua ni ukweli nilioutangulia. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nimewaandikia wanafunzi methali hiyo ubaoni maisha yangu yote, na siku yenyewe ilipokuja, nilipanda jukwaani nikiwa na taarifa iliyoandikwa vizuri, nikamtaja mwanao kwa muuaji wake bila kumjua, mbele ya watu, kwa shukrani. Hakuna aliyemsaliti isipokuwa mimi. Ukitaka kunichukia, una haki, lakini nichukie baadaye. Kwanza fanya hili.

Ndani ya mfuko wa koti utakuta kitambaa chekundu. Nimepatana na mwanao: akielekea mafichoni atapita mbele ya nyumba yako, siku yoyote, katika vazi lolote. Hatabisha hodi. Atatazama kwanza lango lako. Ikiwa Asali yupo, au mtu wake yupo, au kuna gari usilolijua barabarani, au hata moyo wako tu umekataa, kifunge kitambaa hicho langoni kwa fundo la Baba. Mwanao atakiona, atapita kama mpita njia, nawe hutamwita, hutatoka, hutatazama dirishani. Utamwacha apite. Najua ninalokuomba. Usipokifunga, ataingia. Wewe ndiye uliyemfundisha fundo hilo, na halitamdanganya.

Hapa mawingu yameanza kukusanyika tangu nilipokuwa nikiandika habari ya gilasi. Mkaguzi wa ofisi ya maji ameahidi kuja, lakini ahadi haizuii maji, na dereva mwingine amekwisha kupewa lile lori. Yeye hatafunga kitu. Kwa hiyo nimekuwa nikijifunza. Nimechukua utepe wa Fundi, nimeufunga kwenye mguu wa kiti hiki kinachoshikilia mlango, mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, na vidole vyangu vya chaki vimekuwa vizito kama vya mwanafunzi mtoro. Sasa hivi, kabla sijafika mwisho wa ukurasa huu, nimevuta ncha, likaachia. Nimelifunga tena, nikalitikisa, likashika. Baba hakuniona nikilifunga, lakini ni lake.

Fundi anagonga dirishani, anataka barua aishone. Nikishampa, nitaondoa kiti mlangoni, nichukue kikapu, niteremke. Ninaogopa, mdogo wangu. Mama Mkunga amesema kwamba atanishika mkono mpaka darajani, na kwamba nikianguka atanipokea, ndiyo kazi yake.

Nisalimie wifi, umpe pole ya mjomba. Wabusu wadogo, usiwaeleze. Ukishamaliza kusoma, choma barua hii, kisha kaa mahali unapoliona lango.

Ni mimi dada yako mkubwa,
Mwalimu